Mtandao wa Chama Uwe Daftari, Usiwe Ngoma

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia yapita hapo. Ile iendayo Njombe na Songea yaanzia hapo. Na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ina stesheni hapo hapo. Kwa hiyo mji huo haujapata kukosa habari. Zamani habari zilifika pamoja na mizigo: gazeti la juzi mkononi mwa utingo, neno la dereva aliyelala Iringa, na gari la Chama lenye kipaza sauti juu ya paa. Leo habari hizo hizo zafika kabla ya basi, katika simu ya mpakia mizigo, ya mama lishe na ya kijana wa bodaboda. Vyama vya siasa vimeliona jambo hilo, navyo vimefungua tovuti, blogu na kurasa za kila namna ili viwafikie watu hao wakati wa uchaguzi. Twataka leo tulipime jambo hili kwa makini, kwa maana kampeni hupita, lakini desturi ambazo vyama huzianzisha wakati wa kampeni hubaki.

Sisi hatumo miongoni mwa wale wasemao kuwa mtandao ni mchezo wa vijana wa mjini. Wala hatumo miongoni mwa wale waaminio kuwa mwenye kurasa nyingi ndiye mwenye kura nyingi. Twasema hivi: mtandao waweza kuwa ngoma, na waweza kuwa daftari. Ngoma hupigwa ili watu wakusanyike. Ikinyamaza, haiachi alama yoyote. Daftari huandikwa ili deni lisisahauliwe, nalo laweza kufunuliwa na mdai hata baada ya miaka mitano. Vyama vyetu vyote, vikubwa kwa vidogo, mpaka sasa vimeutumia mtandao zaidi kama ngoma kuliko kama daftari. Hapo ndipo penye hasara, na anayepata hasara hiyo kwanza ni mwanachama wa kawaida.

Tukumbuke jambo hili lilikoanzia. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha alifungua blogu yake ya Kiswahili, Jikomboe, iliyowafumbua macho waandishi wengi. Mwaka 2005 Issa Michuzi, mwandishi na mpiga picha, alianza ya kwake, ikasomwa na Watanzania walioko nyumbani na walioko ng'ambo. Mwaka 2006 likafunguliwa baraza la Jambo Forums, ambalo tangu mwaka 2008 laitwa JamiiForums. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa mali ya chama. Uchaguzi wa mwaka 2010 ulipofika, CCM na CHADEMA vilikuwa navyo vimekwisha kujenga tovuti zao. Maana yake ni kwamba wananchi walitangulia kuzungumza, vyama vikafuata. Mtu afikaye baadaye katika baraza yafaa asikilize kwanza kabla ya kusema. Lakini vyama vilipoingia havikuketi kusikiliza. Viliingia na vipaza sauti.

Ushahidi wa neno hili tunao papa hapa Njombe. Mwezi Februari 2015, Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilipoanza kuandikisha wapiga kura kwa mashine za kuchukua picha na alama za vidole, ilianzia katika mkoa wa Njombe, na uzinduzi ulifanywa Makambako na Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Mizengo Pinda. Nchi nzima ilielekeza macho yake katika mji huo wa njia panda. Mashine zilikuwa chache na kazi ilikwenda polepole kuliko ilivyotazamiwa, hata kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili mwaka huo, ikaahirishwa. Siku kama zile swali la mkulima wa viazi ni dogo lakini ni la maana: mashine itakuwa kijiji gani, siku gani, na mtu aende na nini mkononi? Chama kinachoutumia mtandao kama daftari huliandika jibu la swali hilo, kijiji kwa kijiji, na balozi wa shina hulisoma katika simu yake akawatangazia wasio na simu. Chama kinachoutumia kama ngoma hutia picha ya kiongozi akishuka katika gari. Picha hiyo haimwandikishi mtu hata mmoja.

Ilipofika miezi ya kampeni mwaka huo huo, ngoma ilipigwa kweli kweli. Marehemu Dkt. John Magufuli alisimama kwa tiketi ya CCM na neno lake la Hapa Kazi Tu. Marehemu Edward Lowassa, aliyehamia CHADEMA mwezi Julai, alisimama akiungwa mkono na umoja wa UKAWA na neno la Mabadiliko. Kila upande ulitoa picha za umati wa watu ili kuonyesha kuwa mikutano yake ndiyo iliyofurika. Mgombea wa CCM alipopiga pushapu jukwaani, picha hiyo ilizunguka nchi nzima katika simu kwa siku moja. Watu walicheka, walibishana, walipeana. Lakini tarehe 25 Oktoba 2015 waliohesabiwa ni wapiga kura, si picha: matokeo yaliyotangazwa yalimpa Dkt. Magufuli asilimia 58.46 na Ndugu Lowassa asilimia 39.97. Umati wa katika picha haukuwa na kadi.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani, katika kinyang'anyiro cha mwaka 2004, Howard Dean, aliyekuwa gavana wa jimbo la Vermont, alisifiwa kila mahali kwa blogu yake na kwa fedha alizochangiwa na watu wadogo wadogo kwa njia ya intaneti. Wengi walidhani amekwisha kushinda. Wanachama wa jimbo la Iowa walipopiga kura mwezi Januari, alitoka wa tatu. Kisa hicho hakitufundishi kuudharau mtandao, kwa maana fedha zile zilikuwa za kweli. Chatufundisha kwamba mtandao hauwezi kwenda nyumba kwa nyumba badala ya mtu. Atakayebisha hodi Lupembe au Wanging'ombe sharti awe na miguu.

Sasa tuulize, ni jambo gani ambalo mtandao waliweza kuliko mkutano wa hadhara? Jibu letu ni moja: kuhifadhi neno. Maneno ya jukwaani huchukuliwa na upepo. Mgombea huahidi barabara Makete asubuhi na kuahidi bei nzuri ya mbao Njombe jioni, na baada ya miaka mitano kila mtu hukumbuka apendavyo. Neno lililoandikwa katika ukurasa wa chama halina ruhusa hiyo. Ahadi ni deni, wazee walisema. Na deni lililoandikwa ni zito kuliko deni la mdomo.

Tuchukue mfano ambao kila mtu wa Ludewa anaujua. Makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga vimezungumzwa kwa miaka mingi. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, na mradi huo ulitajwa kuwa wa dola za Marekani bilioni 3 hivi. Tangu hapo zimepita kampeni za mwaka 2015, za mwaka 2020 na za mwaka 2025, na Mchuchuma na Liganga havijaacha kutajwa. Lakini chuma cha Liganga hakijapata kuyeyushwa. Hatusemi haya ili kumlaumu mtu, kwa maana mikataba ya namna hiyo ina mashaka yake mengi, na Serikali yoyote yenye busara haiuzi mali ya taifa kwa haraka. Twasema kwamba chama kinachomheshimu mwananchi kingekuwa na ukurasa mmoja wa Ludewa, usiofutwa baada ya uchaguzi, ambao ndani yake pameandikwa: mwaka fulani tulisema hivi, mwaka fulani tulifanya hivi, hapa tumekwama kwa sababu hii. Mwananchi akisoma ukurasa kama huo aweza kukasirika, lakini hawezi kusema amedanganywa. Siku hizi yeye mwenyewe hutafuta maneno ya kale na kuyaweka kando ya maneno mapya. Afadhali chama kijiwekee daftari lake chenyewe kuliko kuwekewa na wapinzani wake.

Ziko tovuti za vyama ambazo hufufuka uchaguzi ukikaribia na kulala ukipita. Mtu akizifungua mwaka wa pili hukuta tangazo la mkutano uliokwisha kufanyika na namba ya simu isiyopokelewa. Huo ni udhaifu, na wanachama hawana budi kuukataa. Duka lifunguliwalo siku ya sikukuu tu si duka, ni kibanda.

Liko jambo la pili: neno lina mwenyewe. Mwaka 1957 TANU ilianza kutoa karatasi yake iliyoitwa Sauti ya TANU. Mwaka 1958 Mwalimu Julius Nyerere alishitakiwa kwa kashfa kwa ajili ya maneno yaliyotolewa humo juu ya maafisa wawili wa Serikali ya kikoloni, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Alisimama mahakamani akabeba dhamana ya maneno yake. Leo katika kila kampeni twaona kurasa zisizo na jina zikiwatukana wagombea, dini zao, makabila yao na ndoa zao. Na mwenye kulipia kazi hiyo hujificha nyuma ya pazia. Karatasi chache za TANU zilikuwa na nguvu kwa sababu zilikuwa na mwenyewe. Kurasa elfu zisizo na baba hazina nguvu yoyote ila ya kuchafua.

Jirani zetu wa Kenya waliyaona haya kabla yetu. Katika uchaguzi wa mwaka 2017 kulikuwa na tovuti iliyomchora marehemu Raila Odinga kama mtu wa kuogopwa, na baadaye mwaka huo ikafichuliwa kuwa kazi hiyo ilifanywa na kampuni moja ya Texas, Marekani. Mwaka 2018 wakuu wa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza, walinaswa na kamera ya siri wakijisifu kuwa waliendesha kampeni za chama tawala cha huko mwaka 2013 na 2017. Kampuni hiyo ndiyo iliyopata taarifa za watu wapatao milioni 87 wa Facebook bila ridhaa yao. Mkenya aliyesoma ukurasa ule hakuweza kujua kuwa anayemtia hofu juu ya jirani yake ni mtu wa ng'ambo aliyelipwa. Tukiruhusu kampeni zetu zifanywe kwa namna hiyo, siku moja watu wa Makambako watagombanishwa na mtu asiyejua hata Makambako iko wapi.

Hapa yafaa tuguse pia majina na namba za simu za wanachama. Vyama siku hizi huandikisha wanachama kwa njia ya simu na huchangisha kwa njia hiyo hiyo. Mapema mwaka 2025 CHADEMA walichangisha kwa kampeni waliyoiita Tone Tone, na mwezi Agosti mwaka huo CCM walifanya harambee yenye shabaha ya shilingi bilioni 100. Hakuna ubaya katika kumchangisha mwanachama. Chama kisichochangiwa na watu wake kitanunuliwa na wengine. Lakini daftari la majina ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, nayo yawabana wote wanaokusanya taarifa za watu. Mchuma chai wa Kibena aliyetoa namba yake ili apate kadi hakuitoa ili auziwe mikopo wala ili apelekewe matusi usiku.

Jambo la tatu ni wale wasiofikiwa. Idadi ya laini zenye huduma ya intaneti nchini ilivuka milioni 40 mwaka 2024, na wako wanaoitaja hesabu hiyo kana kwamba ni idadi ya watu. Laini si mtu. Mfanyabiashara mmoja wa stendi huwa na laini mbili au tatu, na bibi yake kijijini hana hata moja. Mkoa wa Njombe ulihesabiwa watu karibu laki tisa katika sensa ya mwaka 2022. Wengi wao huishi katika vijiji vya milimani ambako simu hupandishwa kilimani ili ipate mawasiliano, au huko chini Manda na Lupingu kando ya Ziwa Nyasa. Mwenye simu naye hununua kifurushi kwa siku, akikitumia kuuliza bei ya parachichi na kumsikia mtoto aliyeko shuleni. Hatakimaliza kwa kutazama hotuba ya saa mbili. Chama kikitaka kumfikia kiandike maneno machache, yaliyo wazi, yafungukayo upesi. Kisha kimwachie balozi kazi ya kuyaeleza. Asiyekuwa na simu hana upungufu wowote katika kura yake.

Jambo la nne ni zito, nalo hatuwezi kulipita kimya. Daftari lenye kufungwa kwa kufuli siku ya hesabu halina faida. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2015, katikati ya kampeni, ikiweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu kwa mwenye kutoa habari za uongo. Baada ya kura za mwaka huo polisi waliingia katika vituo vya kujumlisha matokeo vya CHADEMA na katika kile cha Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Mwaka 2018 zikaja kanuni zilizomtaka mwenye blogu alipe shilingi laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja kila mwaka. Kanuni hizo zilibadilishwa baadaye, lakini blogu nyingi ndogo zilikuwa zimekwisha kunyamaza. Katika uchaguzi wa Oktoba 2020 mitandao ilibanwa. Mwaka 2025 mtandao wa X ulifungwa mwezi Mei, JamiiForums ikasimamishwa kwa siku 90 mwezi Septemba, na tarehe 29 Oktoba, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa nchini kote, isirudi mpaka tarehe 3 Novemba.

Siku hizo za Oktoba zilikuwa za msiba; kulikuwa na ghasia na watu walipoteza maisha, na mwezi Novemba iliundwa Tume ya kuchunguza yaliyotokea. Sisi hapa twasema neno moja tu linalohusu mada yetu. Twajua kuwa Serikali ina wajibu wa kulinda amani, na kwamba uongo waweza kuwasha moto. Lakini uongo hauhitaji intaneti ili utembee. Ulikuwako kabla ya simu. Njia ya habari ikizibwa, kinachozibwa kwanza ni habari ya kweli, yenye jina na anwani. Uvumi hupita vichochoroni na kufika. Mama wa Makambako mwenye mtoto Dar es Salaam alikaa siku kadhaa bila kusoma ujumbe wake mtandaoni. Hapo hata chama chenye daftari zuri kupita yote hakiwezi kumwambia neno. Kwa hiyo kuutetea mtandao ulio wazi si kazi ya wapinzani peke yao wala ya watawala peke yao. Ni kazi ya kila chama kinachotaka kuaminiwa.

Basi wanachama na wafanyakazi wafanye nini? Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 2024 na uchaguzi mkuu Oktoba 2025. Ijayo ni ya mwaka 2029 na 2030. Muda tunao, na kazi hufanywa wakati hakuna kelele.

Kwanza, kila tawi lidai kutoka kwa chama chake ukurasa wa jimbo lake: Makambako, Njombe Mjini, Lupembe, Wanging'ombe, Makete na Ludewa. Ndani yake ziandikwe ahadi zote zilizotolewa jukwaani, kwa tarehe na mahali, na kila mwaka paandikwe hali ya kila ahadi. Pili, ukurasa huo uwe na mahali pa kuuliza, na maswali yajibiwe na mtu mwenye jina na cheo. Swali la bei ya mbolea lililokaa miezi sita bila jibu ni aibu kuliko tusi. Tatu, chama kisimlipe mtu yeyote kuandika bila jina, na mwanachama akipelekewa habari ya kuchafua mtu asiipitishe mbele mpaka amjue mwenyewe. Mkono unaopitisha uongo nao umeandika. Nne, majina na namba za wanachama yatunzwe kama fedha za chama zinavyotunzwa, na mwekaji ahesabiwe. Tano, mkutano wa shina usiachwe. Yaliyoandikwa mtandaoni yasomwe huko, na yaliyosemwa huko yaandikwe mtandaoni, ili mwenye simu na asiye na simu wawe wanachama sawa.

Hayo hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji vijana wawili watatu wenye bidii katika kila wilaya, na viongozi wasioogopa kuulizwa. Kiongozi aogopaye maandishi yake mwenyewe hana haki ya kuomba kura. Wafanyakazi wa reli, wa mashamba ya chai na wa viwanda vya mbao wanajua maana ya daftari: wanajua kuwa siku isiyoandikwa haitalipwa. Na wadai vivyo hivyo katika siasa. Ahadi isiyoandikwa wasiilipie kura.